Viganja Ndani ya Pango

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limetulia tangu upewe dawa ya kuchua. Mimi sijambo, nala vizuri, nalala vizuri, usiwe na wasiwasi.

Dada ameniandikia kwamba kila Alhamisi jioni sebule yako hujaa. Majirani huja na viti vyao kutazama tamthilia yetu ya yule mpelelezi mwanamke anayesaka hazina iliyopotea, na wewe ndiye unayewanyamazisha. Anasema hata fundi saa, aliyekuwa haipendi kabisa televisheni, siku hizi anaapa kwamba ameshamjua mwizi. Mwambie amekosea.

Mama, mengi mnayoyaona ni kiini macho. Handaki lile ni mbao na karatasi, ukiliegemea linayumba. Nyoka ni wa mpira. Radi ni fundi sauti anatikisa bati. Miaka mitatu kwenye kazi hii, nilidhani hakuna tena cha kunishangaza.

Mwezi uliopita mwongozaji wetu alitaka pango la kweli. Lilipatikana nyuma ya machimbo ya mawe, shimo lenye kina cha jengo la ghorofa saba. Yule mpelelezi mnayempenda alichungulia, akarudi kinyumenyume, akasema yeye ameajiriwa kuigiza, si kuzikwa. Hakuna aliyemcheka. Mambo ya namna hiyo yana mtu wake: mwanamke mwenye umbo kama lake, huvaa nguo zake, huruka na kuanguka badala yake, na uso wake hauonyeshwi kamwe. Tunamwita Kivuli.

Mama, Kivuli ni mimi.

Nilikuambia nashona mavazi. Mwaka wa kwanza nilishona kweli. Kisha mwenye kazi hiyo akavunjika mkono, nguo zikanienea mimi, nikapanda. Najua niliapa mbele yako, wiki ile tuliyomzika baba baada ya kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi, kwamba mguu wangu hautakanyaga mahali pa juu. Nimekuficha miaka miwili. Kila uliponiuliza habari za cherehani nilitamani ardhi inimeze. Nisamehe.

Lakini sikuweza kuendelea kukaa kimya, kwa sababu ya nilichokiona.

Waliponiteremsha kwa kamba shimoni, nilipofika katikati kamba ilikwama kwenye jiwe. Nikaning'inia gizani, taa ya kofia ikiyumba, na wa juu wakapiga kelele nisitikisike. Nikajishika ukutani, nikageuza kichwa, na mbele ya pua yangu palikuwa na viganja. Viganja vya watu, mama, vimepigwa chapa kwa rangi nyekundu, vinapanda ukutani hadi mwanga wangu ukakoma. Vikubwa, vidogo, na kimoja cha mtoto wa kubebwa, ambaye bila shaka mtu alimshika mkono akamkandamizia. Hapakuwa na ngazi wala pa kusimama. Walifikaje? Nani aliwashikia kamba? Nilisogeza mkono wangu karibu na kimoja, bila kugusa, ukalingana nacho kidole kwa kidole. Nikasahau kuogopa. Nikalia.

Waliponitoa nilimweleza mwongozaji, akatazama picha za kamera niliyofungwa kifuani. Mtu huyu hufokea hata mvua. Alivua miwani, kisha akaagiza vyombo vyote vifungwe. Alisema neno moja tu: "Hapa hatuchezi." Pango tumewaachia wataalamu wa mambo ya kale.

Sasa wananipa mkataba wa mwaka mwingine. Sijatia saini. Nakuja Jumamosi, uniambie uso kwa uso, na neno lako nitalishika hata likiwa hapana. Ila kabla hujanijibu, nakuomba keti nami utazame picha ya ukuta ule. Sijapata kumwonyesha mtu mwingine wa kwetu. Nimetaka uwe wa kwanza.

Mpe dada salamu zangu, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.