Aya Niliyoiruka

Mchafukoge, Jumatano, baada ya Isha

Eksirei ya kichwa cha ndugu yangu Idrisa, aliyegongwa na lori Kariakoo akapoteza fahamu, haikunituliza. "Shehe, inaonyesha mfupa tu," alisema daktari. "Kama anatusikia, haisemi."

Basi leo nilimsomea Yasini pale kitandani, nikairuka aya moja kwa makusudi. Mwenyezi Mungu anisamehe. Tangu tulipokuwa chuoni tukijifunza Kurani, Idrisa hakuwahi kuniachia kosa.

Midomo yake ilitikisika. Mkewe, aliyeihifadhi Yasini, akadakia, "Shemeji, anakusahihisha! Mungu mkubwa!"

Alipotoka kwa furaha kwenda kutafuta unga wa kumpikia uji, niliisoma sura ile ile tena, kamili, bila kosa lolote.

Midomo ikatikisika vilevile.

Nimerudi nyumbani bila kumwambia shemeji.