Ufunguo Juu ya Isuvi

Jumanne, 6 Septemba 1994

Daktari amesema moyo umechoka. Nimemwagiza Edina, mke wa mwanangu, daftari. Anadhani naandika wosia.

Redioni asubuhi: mkoa unatayarisha mpango mpya, wawekezaji wanakaribishwa. Mlima Isuvi umetajwa — mawe ya kuchimba, eneo lililo wazi. Nilicheka mpaka kikohozi kikanikaba. Wazi. Uwazi huo niliuchora mimi.

Alhamisi, 8 Septemba

Niandike kabla mkono haujagoma.

Mwaka 1975 nilichora ramani ya mpango wa mkoa. Kila ramani ina sanduku la ufunguo, lile linaloeleza alama ipi ni kisima na mstari upi ni barabara. Sanduku hukaa mahali ambapo halizibi kitu. Sisi wachoraji tulikuwa tukiliweka mlimani. Hakuna aliyeuliza. Kwetu tambarare ilikuwa mashamba, shule, watu. Mlima ulikuwa kitu cha kuzungukwa na barabara. Tuliutazama kutoka ndani ya Land Rover, tukaandika "mwinuko mkali", tukaenda kula.

Lakini Isuvi nilipanda. Nyumba sitini na tatu, chemchemi mbili, msikiti, shule ya madarasa mawili. Nilijaza yote kwenye karatasi ya uwandani, mwenyekiti wao akatia sahihi. Kisha nikarudi ofisini nikaweka ufunguo juu yao. Kwa rula. Taratibu. Karatasi nikaja nayo nyumbani, asije mtu akanisahihisha.

Wenzangu walifanya kwa mazoea. Mimi nilijua.

Ijumaa, 9 Septemba

Sababu. Kabla ya kuwa mchoraji nilikuwa mwalimu kijana, shule ya bondeni, chini ya Isuvi. Nilimtaka Mwantum. Nilikuwa tayari hata kusilimu. Nikapanda na washenga wawili kwenda kuposa. Mtu wa Mlali, miguu ya tambarare — nilipumzika mara tatu. Kaka yake, Bashiri, alikuwa amekaa juu ya mwamba akinihesabia.

Hata maji hatukupewa. Akasema mbele ya ukoo wote, "Mwalimu, umepumzika mara tatu. Mahari utatoa, sawa. Sasa dada yangu ndiye atakayekuwa anakubeba?"

Walicheka. Na Mwantum alicheka. Alijiziba kwa kanga, lakini mabega yalitikisika.

Nimeoa, nimelea, nimezika mke. Mabega yale hayajatulia.

Ramani yangu ilinakiliwa mara nne. Kisima kikaenda kijiji kingine. Barabara hivyo hivyo, zahanati hivyo hivyo. Kila iliponakiliwa nilifurahi. Ningesema nilijuta, ningekuwa nadanganya.

Jumatatu, 12 Septemba

Amekuja.

Nilisikia Edina akisema shikamoo bibi, karibu, umetoka mbali? Sauti ikajibu ya Isuvi, ile ya kuvuta maneno. Nikaijua kabla sijamwona: Mwantum. Amekuwa mdogo, mkavu, fimbo mkononi. Amefikia kwa mjukuu wake, huko Nzuguni.

"Mwalimu, wameniambia Isuvi hakuna watu. Nikawauliza, mimi ni nini?"

Ofisini walimwonyesha ramani. Kamati inakaa Ijumaa kuamua juu ya mwekezaji. Asiyekuwa na maandishi ya zamani ya serikali ni mvamizi, ataondolewa.

"Sisi tunakumbuka ulikuja kutuhesabu. Ulihesabu hata mizinga ya nyuki. Zaidi ya wewe hatuna mtu."

Hajui nani aliweka sanduku. Nilimwacha aongee mpaka akachoka. Miaka arobaini nimeingoja sauti ile iniombe. Nikamwambia: nitatafuta, lakini Bashiri aje mwenyewe. Ateremke, aje aombe hapa.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akainuka akaaga.

Jumatano, 14 Septemba

Amerudi. Nikauliza, Bashiri yuko wapi?

"Bashiri tulimzika mwaka juzi. Tumbo lilimshika. Zahanati iko bondeni, wakambeba kwa kitanda. Ile njia unaijua. Wabebaji walipumzika mara nane. Ya nane hawakuinuka tena."

Mara nane.

Nilipaswa kufurahi. Nilijaribu. Niliona hasira tu — amekufa bila kujua kwamba ni mimi. Karibu miaka ishirini namlipiza mtu, naye alikuwa akidhani ni serikali.

Nikamwambia Mwantum sijaipata karatasi. Akasema, "Haya, Mwalimu. Nitakuja tena kesho."

Karatasi iko ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, pale mgongo wangu ulipo. Nimeilalia tangu Januari. Siwezi kujiinua mwenyewe.

Alhamisi, 15 Septemba

Kikao ni kesho saa tatu; maandishi yanapokelewa mwisho leo.

Mwantum yupo tangu asubuhi. Haombi tena. Amekaa kwenye kigoda anamchagulia Edina mchele. Wanaongea. Nimesikia Edina akimuuliza kama ni kweli Mwalimu aliwahi kumposa. Akajibu: "Kweli. Tulimcheka. Nilikuwa msichana, nilicheka kwa sababu wote walicheka."

Hakusema kwamba anajuta. Nilisubiri aseme.

Imefika saa sita, saa ya kugeuzwa ili mgongo usipate vidonda. Edina anasema leo atatandika upya, godoro limelowa jasho, atalitoa lianikwe. Nimemwambia liache. Nimemwambia mara mbili. Anasema, "Baba, harufu hiyo." Mwanangu yuko kazini, kwa hiyo amemwomba mgeni amsaidie.

Mwantum ameweka ungo chini. Anajifunga kanga kiunoni. Edina atashika mabega, yeye atashika miguu.

Ningeweza kusema sasa, kabla hawajaona. Neno moja, nikaitoa karatasi kwa mkono wangu. Au nipige kelele kwamba naumia, wataniacha mpaka jioni, na jioni ofisi zimefungwa.

Mikono yake ni baridi, imeshika vifundo vyangu. Ananiuliza kama niko tayari kubebwa au bado nataka kupumzika. Hacheki. Sijui kama anakumbuka alichosema kaka yake.

Edina anasema, Baba, weka kalamu