Alama ya Kidole Kwenye Lenzi

Mwanangu Khamis,

Salamu zikufikie hapo ulipolala. Mimi mzima, ila usingizi hauji, na kula nala kwa kuwa dada yako hunisimamia mpaka nimalize.

Msikiti wetu wa zamani hapa Vitongoji unavunjwa wiki ijayo, ujengwe mpya. Ile picha uliyowaahidi wazee hukuiwahi. Basi jana kaja rafiki yako Hamadi na kamera kubwa kama yako, anataka kuipiga kwa niaba yako. Lenzi ndiyo hana. Nikamtolea mkoba wako.

Unazikumbuka zile lenzi zako mbili? Ile inayoinama, siku uliyokuja nayo nilikwambia, "Rudisha, mwanangu, umeuziwa kitu kimepinda!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Na ile nyengine, inayosogea juu yenyewe bila kamera kuinuliwa, ukasema, "Hii ndiyo ya majengo, Mama. Kuta hazilali kinyumenyume."

Hamadi akaitaka hiyo. Akaitazama kwenye mwanga. "Mama, kioo kina alama ya kidole. Lazima nifute, picha isije ikawa na ukungu."

Khamis... kidole chako. Nguo zako nimeshazigawa, kitanda kimetolewa, kumbe umeniachia kidole na mimi sijui. Nikamwambia, "Chukua hiyo inayoinama, kioo chake safi." Akanijibu kwa upole, "Hiyo haipandi, Mama. Pale kichochoroni hakuna pa kurudi nyuma. Nikiinua kamera, msikiti utaonekana unaanguka."

Na wewe ulivyokuwa hutaki ukuta upinde!

Siku ya maziko yako wamekuosha wanaume, kama ilivyo kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia maji tu, yanamwagika, yanamwagika. Mkono wangu haukukugusa. Basi nikamwambia Hamadi, "Nipe. Nitafuta mwenyewe." Nikachukua kile kitambaa chako laini, nikasema Bismillahi, nikaenda polepole kama nilivyokuwa nikikupangusa uso ulipokuwa mdogo. Kidole chako kikatoka chote.

Hamadi atapiga kesho asubuhi. Nitasimama naye mpaka amalize, na picha ikitoka nitawapelekea wazee kwa mkono wangu, niwaambie, hii ahadi ya Khamis.

Pumzika, baba. Mola akunawirishie kaburi lako.

Lenzi nimempa aende nayo. Kitambaa kiko chini ya mto wangu, na sitakifua.

Mama yako