Hodi ya Tatu

Jumatatu, 14 Julai

Filamu ya tano asubuhi hii, damu ya nyanya kwa mara ya tano. Chai imepoa. Wanafunzi wa kozi ya filamu waliagizwa dakika mbili tu: mwanzo wa filamu ya kutisha, hofu inayoanzia akilini mwa mtu. Wameleta visu. Wameleta kijana aliyejipaka unga usoni, anakimbia kati ya nyumba, na kuku wa jirani wanamkimbia yeye. Nimecheka mpaka nikaona haya, maana mimi ndiye mtathmini.

Tuko wawili: mimi na Papa Jérémie, mwenye ukumbi wa video pale sokoni. Jumamosi filamu zote zitaonyeshwa kwake, kisha tutachagua moja iende Lilongwe. Huko Bwana Banda, mwalimu wa maigizo, na wenzake wataamua kama inastahili. Ikistahili, mwenye filamu atapewa kamera na taa mwezi mzima aimalizie. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kozi nzima inagombania kamera moja yenye betri mbovu. Hakuna zawadi kubwa zaidi.

Kisha ya sita. Ya Aline, msichana Mrundi anayekaa nyuma darasani. Sijawahi kumsikia hata akikohoa.

Mama anarudi kutoka bombani na ndoo. Tunaona mkono wake na mlango. Kufuli kwa nje. Anasema "Hodi", anafungua, anaingia. Kikombe kimoja, sahani moja. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu anatua ndoo, anasema hodi. Kimya. Kimya kirefu mno. Ufunguo bado mkononi, kufuli bado limefungwa. Na kutoka ndani sauti inajibu: "Karibu." Ni sauti yake mwenyewe. Giza.

Nilisimama. Peke yangu chumbani, nimesimama kama mtu aliyeitwa jina.

Sisi Waislamu wa Kindu, kule Kongo, tunaisalimu nyumba hata ikiwa tupu. Tangu utoto nimeisalimu. Haijanipitia akilini kamwe kwamba siku moja inaweza kuitikia. Nimesoma vitabu vya hofu kwa lugha tatu, vingine vinene kama tofali. Hakuna kilichonifanyia hivi.

Nimeiangalia mara nne.

Jumanne, 15 Julai

Vita na Papa Jérémie. Nilivitaka na nimevipata.

Aliangalia filamu ya Aline huku anakula karanga. Ikaisha. Akangoja iendelee.

"Madame Zaina, hii iko filamu ya kulala. Bantu banakufa bangapi?"

"Hakuna anayekufa."

"Zéro! Njo points yangu pia."

Akaandika zero kwenye safu ya hofu ya karatasi ya alama, kwa kalamu nyekundu, akaizungushia. Nikamwambia kwamba mtu aliyelelewa na risasi za kwenye televisheni hawezi tena kusikia mlango. Akanijibu kwamba ukumbi wake unajaa kila siku na mihadhara yangu haijawahi kujaza hata benchi. Ni kweli. Nimemchukia hadi saa ya chakula.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwita Aline. Sikumbembeleza. Mtu akifanya kitu kizuri anastahili kupigwa pale alipokosea.

Jina la filamu linatiririka kwa herufi nyekundu kama damu. Takataka. Amekopa kwa wenye visu. Kamera inatikisika kwenye ndoo ya kwanza, na hakuna sababu. Mwanga ni mzuri, ule wa kijivu wa asubuhi za Julai. Mlio wa mshikio wa ndoo ni bora kuliko muziki wowote. Kutoonyesha uso wa mama mpaka hodi ya tatu: akili kubwa. Ila kile kimya ni kirefu. Nikamwambia akate nusu.

Akainamisha kichwa. Nilidhani anakubali.

"Madame, ile siwezi kukata. Njo vile mama anangojaka."

Ikatoka polepole. Mkono ule ni wa mama yake. Sauti ile pia. Baba alifariki hapa kambini, Aline anashinda darasani, nyumba inabaki tupu mchana kutwa. Na kila akirudi na maji, mama anasema hodi, anangoja mlangoni, ndipo anatoa ufunguo. Aline alimpima bila yeye kujua. Kimya cha kwenye filamu kina urefu uleule.

Nimemwambia asikate kitu. Hainitokei mara nyingi.

Hata hivyo nimemfutia zile herufi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeandika kwenye kundi la simu la kozi, aya tisa. Nimesema asiyetishwa na filamu ya Aline ana masikio ya mapambo. Nimesema nimechoka na wageni wanaotaka kila filamu yetu iwe na hema na mtoto analia, na nimechoka zaidi na sisi tunaowapa. Huyu ametumia kufuli na ndoo. Nimesema Jumamosi mtaona.

Najisikia kijana.

Jumamosi, 19 Julai

Balaa.

Ukumbi umejaa, watu wamekaa hadi chini, watoto wamening'inia dirishani. Filamu za visu zikapita kwa makelele ya furaha. Kisha ya Aline. Hodi ya kwanza: kimya, vizuri. Hodi ya pili: mzee mmoja akanung'unika "karibu" kwa mazoea, watu wakacheka. Hodi ya tatu, mama anatua ndoo, anangoja, na ukumbi mzima kwa sauti moja:

"Karibuuu!"

Vicheko. Miguu inapigwa chini. Sauti ya filamu haikusikika hata kidogo. Kijana mmoja akaongeza: "Ingia mama, chakula iko tayari!" Wakaangua tena. Likaja jina, ukaja mwisho, na hakuna aliyejua kwamba mlango ulijibu.

Sisi ni watu gani? Hatuwezi kuacha hodi ipite bila jibu. Tungejibu hata hodi ya mwizi. Na mimi, mwenye aya tisa, sikuliona hilo. Niliiangalia peke yangu, mlango umefungwa, kana kwamba filamu ni kitabu. Aline naye aliihariri kwenye chumba kitupu, na visikizi masikioni.

Alitoka kabla taa hazijawashwa.

Papa Jérémie hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alinivuta pembeni. "Bantu bangu habanyamazake, Madame. Usibaombe kunyamaza. Hata mi siwezake." Anataka kupeleka filamu ya kijana wa unga. Nimemwomba siku nne. Amenipa.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kwao asubuhi na mapema. Aline amejifunika blanketi, hataki kozi, hataki kamera, hataki Lilongwe. Mama Aline anachambua maharage mlangoni. Jumamosi hakuja ukumbini, alisimuliwa.

Nilihubiri. Nikataja vitabu vyangu vyote, mmoja baada ya mwingine. Blanketi halikutikisika. Mama Aline alisikiliza, akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage, akasema kwa hasira, wala si kwangu, bali kwa wale wa ukumbini waliomjibu:

"Na bo, nani alibaambia banikaribishe? Mi nilikuwa naita bo?"

Blanketi likashuka.

Aline alimtazama mama yake. Mimi nilimtazama Aline. Nadhani tuliliona sekunde ileile, ila nitamwachia yeye, maana ni lake. Aliruka kutoka kitandani na soksi zake, akatafuta simu, akasema, "Mama, rudia ile. Rudia vile ulisema."

"Nirudie nini tena? We umepona?"

Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu, 21 Julai

Kazi tangu asubuhi. Tulimrekodi Mama Aline chini ya blanketi mbili ili upepo usisikike. Alilalamika joto, wakati nje watu wanavaa makoti.

Sasa ni hivi. Baada ya kila hodi, Aline ameacha kimya kile, kizima, urefu wa mama. Si cha tatu tu. Vyote. Nafasi ya watu kujibu. Wajibu. Wacheke. Hodi ya tatu, waitikie kwa kelele wanavyopenda. Kamera inakaa kwenye kufuli mpaka vicheko vichoke vyenyewe. Ndipo, kutoka ndani, polepole, kwa hasira ileile ya maharage:

"Nani amekukaribisha?"

Giza. Jina kwa herufi nyeupe, ndogo.

Nalijua swali hilo. Nimeulizwa kwenye ofisi nyingi, katika nchi tatu, kwa maneno yaliyopigwa pasi. Sitaliandika hilo kwenye tathmini. Tathmini ni ya filamu, na filamu hii haihitaji mimi niisemee.

Jumatano, 23 Julai

Papa Jérémie ameiona. Tulikuwa watatu tu ukumbini, yeye, mimi na Aline. Hodi ya pili alisema "karibu" chini kwa chini, kama mtu anayejikwaa. Ya tatu pia. Lilipokuja swali, karanga zilimmwagika.

Alichukua karatasi, akakata ile zero yake nyekundu, akaandika: Lilongwe.

Kijana wa unga alikasirika, akanijia juu. Nikamweleza kwa nini. Tuligombana vizuri. Ana hoja, huyo kijana. Atafika mbali akiacha unga.

Kibali cha kutoka kambini kimepatikana kwa wanne: mimi, Jérémie, Aline na mama yake.

Ijumaa, 25 Julai

Sijala. Wasiwasi mmoja tu: kule ni Wamalawi. Je, wasipojibu? Filamu nzima sasa imeegemea midomo ya wageni.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike kabla haijapoa.

Tulishuka Old Town, Lilongwe, tukala nsima, ugali wa huku, na maharage. Mama Aline akasema maharage yao hayakuchambuliwa. Kisha kwa miguu hadi mtaa wa Kawale, ukumbi wa nyuma ya maduka, viti vya plastiki, watu kama themanini hivi: wanafunzi wa Bwana Banda, wazazi, wachuuzi walioingia kukwepa upepo. Aline alikuwa na rangi ya majivu. Maandishi ya Kichewa chini ya picha alikuwa ameyasahihisha Bwana Banda mwenyewe, mtu mrefu, mpole, anayesikiliza kichwa kikiwa upande. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Hakunipa nafasi.

Taa zikazimwa. Ndoo. Kufuli.

"Hodi."

Hakuna kitu. Kimya kile cha Mama Aline, kizima, na hakuna hata kikohozi. Jérémie alinikanyaga mguu bila kujua.

"Hodi."

Nyuma kabisa, mwanamke, kwa sauti ya jikoni kwake: "Odini!" Ndivyo wanavyoitikia hapa. Kicheko kidogo. Mwingine akaitikia, na mwingine. Nusu ya ukumbi ikageuka kumtazama aliyeanza.

Hodi ya tatu. Ndoo chini. Uso wa mama kwa mara ya kwanza. Na Kawale nzima ikamfungulia mlango:

"Odiniii!"

Na katikati yao Jérémie, anayejua kinachokuja, aliyeiona mwenyewe Jumatano, kwa nguvu zote za kifua chake: "Karibu!"

Walicheka. Walipigana mabega. Kamera haikuondoka kwenye kufuli. Vicheko vikapungua, vikabaki kwa wawili, kwa mmoja. Vikaisha. Mtu akavuta kiti.

"Nani amekukaribisha?"

Sijawahi kusikia watu themanini wakiacha kupumua. Msichana wa mbele yangu aligeuka kuangalia mlango wa ukumbi. Mwanamke aliyeanza alishika mdomo wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyefanya kosa.

Hawakupiga makofi. Si mara moja. Kisha kelele zikalipuka.

Bwana Banda akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Na safari hii, hodi ya kwanza, hakuna aliyejibu. Ya pili, hakuna. Mama kwenye kitambaa cha picha anangoja, ndoo chini, na ukumbi mzima unajua la kusema na hakuna anayethubutu. Ilitisha kuliko mara ya kwanza. Ilitisha kwa namna nyingine kabisa. Nilimtazama Mama Aline pembeni yangu. Alikuwa ameinama mbele kidogo, kama anavyofanya mtu anayesikiliza.

Uamuzi haukuchukua muda. Bwana Banda alileta sanduku la kamera yeye mwenyewe, akampa Aline kwa mikono miwili. Aline alisema "Zikomo", asante ya huku, mara nyingi mno, mpaka mama yake akamfinya.

Barabarani, tulipopita taa za mwisho za mji, Jérémie alinigeukia.

"Madame. Bamekufa bangapi?"

"Zero."

"Zéro. Lakini ilibakia kidogo mi njo niwe wa kwanza."

Siwezi kukaa. Nimefika, nimevua viatu, nimevaa tena. Nataka kuandika aya tisini.

Jumatatu, 28 Julai

Upepo umetulia. Nimefua. Tathmini nimeimaliza: ukurasa mmoja, na nimefuta maneno makali matatu kwa hiari yangu. Nimeacha moja.

Saa nne hivi nikasikia hatua, kisha mshikio wa ndoo. Mlio ule. Aline anaanza kupiga picha leo na aliniomba chumba changu kwa sababu ya dirisha. Mama alikuja naye, amebeba ndoo ya filamu, imejaa, maana Aline anasema ndoo tupu inajulikana kwa mkono.

"Hodi."

Nilikuwa na jibu mdomoni tangu utotoni. Nikalizuia. Nilitaka kujua inakuwaje upande huu wa mlango, kusikia mtu anangoja. Kivuli chake kilikuwa kwenye uwazi wa chini. Hakikusogea.

"Madame, jibu basi. Ndoo iko nzito."

"Karibu," nikasema. "Karibu, Mama Aline."

Akaingia.