Sahihi Zangu kwenye Karatasi ya Bibi Subilaga

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mashuka hayakauki, tumeyaanika jikoni, yananuka moshi. Kituo hiki kina wazee kumi na wanne, wahudumu wawili: mimi na Sekela. Nimeogesha sita kabla ya uji. Bibi Subilaga nikamwacha wa mwisho. Amepooza upande mmoja, hawezi kujigeuza kitandani.

Nilipomlaza ubavu nikaona doa jekundu chini ya kiuno, sawa na kifuniko cha soda. Nikabonyeza kwa kidole. Halikufifia. Najua ni mwanzo wa kidonda cha kulala, tulifundishwa.

Karatasi ya ukutani inasema hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Sahihi ni zangu. Sikumgeuza. Huwa tunajaza ya siku nzima kwa mkupuo, saa nane, kabla ya kula. Leo pia nimejaza.

Jumatano, 5 Machi

Ngozi imefunguka. Ndani pana rangi ya njano. Nilipoosha alikunja uso, halafu akasema, "Ndaga, mwanangu." Ananishukuru. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Nimemwambia Mama Lugano, msimamizi wetu. Akasema niweke dawa, nifunge, nisiwatie wenzangu hofu. Si mtu mbaya. Alinipa kazi hii nikiwa sina pa kwenda. Ndiyo maana nashindwa kumchukia.

Alhamisi, 6 Machi

Afisa ustawi wa jamii anakuja Jumanne kukagua. Tumefagia hata darini.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Lugano amemhamishia Bibi chumba cha nyuma, tunakoweka magodoro mabovu. Siku ya ukaguzi mlango utafungwa kwa ufunguo. Nikamwambia kwamba Bibi ana homa, kidonda kinanuka, apelekwe hospitali.

"Hospitali watauliza kimetoka wapi," akasema, akaniita kwa jina. "Sahihi za nani zile, Tupo? Zangu?"

Alisema taratibu kabisa, kama ananionea huruma.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mchana alikuja Ambakisye, mwanawe Bibi, kutoka Suma, na kikapu cha ndizi na kibuyu cha maziwa. Mama Lugano alinitazama mimi. Nikasimama mlangoni nikasema, "Kaka, mama amelala. Tumwache apumzike."

Akaniamini. Akaacha maziwa, akanishukuru kwa kumtunza mama yake.

Bibi alikuwa macho. Alisikia sauti ya mwanawe. Nilipoingia alikuwa analia bila kelele, chozi linaingia sikioni. Najiogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yangu ya kupumzika. Nilipanda bodaboda hadi Suma. Njiani nilimwambia dereva mara mbili ageuze, na mara mbili nikamwambia aendelee.

Ambakisye alikuwa anapalilia migomba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbali, kwa sababu alikuwa na jembe mkononi. Doa, kidonda, chumba cha nyuma, karatasi.

"Jana ulisema amelala."

"Nilidanganya."

"Mama yangu anaoza, nami napalilia?"

Alinyanyua jembe. Nikafumba macho. Alilitupa kwenye mfereji, akaenda kuvaa viatu.

Tukapanda bodaboda moja wote wawili. Mama Lugano alitukuta getini, akaanza kueleza. Ambakisye akampita. Nilimwonyesha mlango wa chumba cha nyuma. Alipofunua blanketi harufu ikatujia usoni. Akambeba mama yake mikononi hadi barabarani, mimi nyuma yao na mwavuli.

Hospitalini, muuguzi wa wodi akasema angecheleweshwa siku mbili tatu zaidi, sumu ingeingia kwenye damu. Akauliza nani anamhudumia. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Jumanne, 11 Machi

Nilitaka nisiende kazini. Nilienda.

Afisa ni mama wa makamo, amevaa gambuti. Mama Lugano alimtembeza, vitanda vimetandikwa, wazee wamechanwa nywele. Afisa akasifu usafi. Walipofika kwenye karatasi za ukutani, nikaichomoa ya Bibi Subilaga.

"Sahihi hizi ni zangu, na ni za uongo. Mwenye karatasi yuko hospitali."

Mama Lugano akakaa kwenye benchi. Afisa hakukasirika, na hilo likanitisha zaidi. Akasema twende kitanda kwa kitanda, tufunue mablanketi. Mzee Anyosisye ana kisigino cheusi. Miezi minne namlisha, sijawahi kumvua soksi nikatazama. Sekela alilia.

Kisha Mama Lugano akasema, "Niliogopa mtatufungia. Hawa wangekwenda wapi?"

Hata mimi sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Hawajafunga. Mama Lugano amesimamishwa. Mimi nimepewa barua ya onyo, na nimeambiwa naweza kuitwa tena ofisini kuhojiwa. Kila pikipiki ikisimama getini nachungulia dirishani.

Muuguzi wa hospitali anakuja asubuhi kutufundisha. Mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Karatasi zimetoka ukutani, ziko miguuni pa kila kitanda, na tunatia sahihi wawili, mgonjwa akiwa bado mikononi mwetu. Ameongezwa mhudumu wa tatu, dada mmoja wa Mpuguso, ana nguvu. Weusi wa kisigino cha Mzee Anyosisye haujaenea.

Sekela haongei nami. Tunageuza wazee pamoja, tunahesabu moja, mbili, tatu, basi. Siku ile ya ukaguzi alisema ningemwambia kwanza. Ni kweli. Niliogopa atanizuia.

Jumamosi, 22 Machi

Sijaitwa. Nimeota nimeitwa. Nimekwenda hospitali mara tatu wiki hii. Ambakisye anakaa nje ya wodi, akiniona anageuza uso. Naacha uji kwa muuguzi, naondoka.

Jumapili, 30 Machi

Mvua imekatika tangu asubuhi. Bibi Subilaga amekula nusu bakuli. Kidonda kinaota nyama mpya, nyekundu. Hatarudi kwetu, mwanawe anamchukua Suma. Muuguzi aliniomba nimwonyeshe mke wa Ambakisye jinsi ya kumgeuza. Nilimwonyesha mara mbili, naye akafanya mara moja mwenyewe, vizuri kuliko mimi.

Nilipotoka, Ambakisye alikuwa kwenye benchi la nje. Nikataka kupita haraka.

Akasogea kidogo, akaacha nafasi.

Nikakaa. Tulitazama watu wakipita na vikapu, hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.