Meli Iliyokukataa Mombasa

Babu,

Ni mimi Rajabu, mjukuu wako mwenye mdomo. Usianze kucheka mwandiko. Shule niliiacha praimari siksi, lakini kwenye steji yetu ya pikipiki, Mvara mjini Arua, hakuna mwendesha boda anayeandika kunishinda. Waulize. Aa, huwezi. Basi niamini tu.

Koboko iko vile uliiacha. Mihogo yako ya shamba la Dranya tumeivuna. Yule mbuzi mweusi bado anakula nguo za watu. Kiti chako kiko barazani, hakuna anayekikalia. Mimi nilijaribu mara moja, nikasimama haraka kama kina moto.

Habari kubwa ni hii: nimepata pasipoti. Mimi! Ukimtoa Shangazi Zainabu, ni mimi wa kwanza nyumbani kwetu. Ofisini afisa alinitazama kutoka juu mpaka viatu. "Koboko? Upande gani wa mpaka? Si Mkongo wewe? Si Msudani?" Nikamwambia, "Mzee, mimi wa upande ule babu yangu amezikwa." Akanigeuzia kamera. Kisha akaniambia nifunge mdomo, pasipoti haitaki meno.

Nilicheka mpaka mlangoni. Nje nikakukumbuka wewe, kicheko kikaisha.

Nakumbuka siku ile tunapukuchua mahindi, ukanisimulia. Ulipokuwa askari wa Mwingereza walikupakia melini Mombasa na bunduki yako, na hakuna aliyekuuliza karatasi yoyote. Ulipoacha jeshi ukavaa kanzu, ukapanda lori mpaka Pakwach, ukapanda stima, ukapanda treni, ukafika bandari ile ile unataka kwenda Jeda kuhiji. Karani wa Mzungu akasema, "Pasipoti iko wapi?" Ukamwonyesha medali. Akasema medali haipandi meli. "Wewe mutu ya wapi?" Ukasema Koboko. Akasema nyinyi watoto wa askari wa zamani waliotoka Sudani ni Wasudani, nenda ukaombe kwenu. Kwenu! Wewe uliyezaliwa hatua chache kutoka kiti chako cha barazani. Wenzako wakapanda ngazi. Wewe ukabaki gatini na birika lako la udhu, unatazama meli inaondoka.

"Nikiwa na bunduki nilikuwa mtu wao," ulisema. "Nikiwa na tasbihi nikawa mgeni." Kisha ukanigombeza kwamba mahindi hayapukuchuliwi kwa macho.

Hukufika Maka, Babu. Ulikufa hujafika.

Ndiyo maana siku ya arobaini yako nilisimama mbele ya ukoo wote nikasema, "Nitamhijia Babu mimi mwenyewe!" Wazee wakaitikia. Nikajiona mrefu. Kurudi Arua, steji nzima ikaanza kuniita Alhaji, na mimi naitika.

Pasipoti ilipotoka nikaipeleka msikitini kumwonyesha Sheikh, maana siku ile ya arobaini hakuwepo. Akaishika vizuri, akanirudishia. "Mwanangu, mtu hamhijii mwenzake kabla hajahiji mwenyewe. Kwanza yako, halafu ya babu yako."

Babu, kwa mapato ya boda, hija ya kwanza ni miaka, ya pili ni uzee!

Nikauliza, nani anaweza mwaka huu? "Aliyekwisha kwenda," akasema. Maana yake Shangazi Zainabu. Binti yako. Siku ile najigamba alikuwa amekaa pale pale, na sheria hiyo aliijua. Alinyamaza ili asinivunje mbele ya watu.

Sikwenda kwake upesi. Nakuambia ukweli, nilinuna. Uhijiwe nilitaka, lakini nilitaka niwe mimi. Mpaka Ijumaa moja niko kaburini kwako nang'oa majani, nikawaza: huyu mzee hakuwa anamngoja Rajabu. Alikuwa anangoja kufika.

Nikawasha pikipiki moja kwa moja mpaka kwa Shangazi. Nikamwambia, "Nenda wewe. Akiba yangu ya safari chukua, ndugu wengine watajazia." Alilia mpaka mboga ikaungua. Kisha akanipiga kofi la mgongo, "Umekua, mjinga wewe."

Ndugu wamejazia. Jina lake limeshapelekwa. Atakapofika ataitika Labeka kwa niaba yako, na atakutaja kwa jina lako na la baba yako, Babu. Mimi yangu itakuja kwa zamu yake. Steji wananicheka, eti Alhaji wa Mvara. Wacheke, mdomo niliufungua mwenyewe.

Lala salama, mzee wangu. Nimekukumbuka sana... sana, basi. Siku Shangazi anaondoka nitambebea mizigo mpaka uwanja wa ndege Entebbe, na nakuahidi njia nzima sitajisifu hata neno moja kwamba hija hii ni wazo langu.

Nitajaribu. Kutoka Koboko mpaka Arua, angalau.

Mjukuu wako,
Rajabu