Nusu ya Kamba ya Buluu

Geita, Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Elia,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuiamini kamba kwa sababu iliwahi kuwashika. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu, na najua mama yetu angekuwa hai angenirudisha mlangoni niingie upya kwa adabu. Basi naingia upya. Hujambo, mdogo wangu? Mama Anna hajambo? Lile goti lako la kulia linasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima. Mwanangu Neema ananilisha kama mgeni wa harusi, na tangu nihamie kwake mkanda wangu umeongezwa tundu moja.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza kueleza unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Ijumaa uliponiambia kwamba Jumamosi ijayo Anna anaongoza wageni wake wa kwanza kwenye mwamba, na kwamba umemtunzia zawadi ile kamba ya buluu, nilikuomba usimpe. Ukanijibu, "Kaka, kamba ile ilinishika mimi na mwili wangu wote. Itashindwaje na mtoto wa kilo hamsini?" Kisha mtandao ukasumbua.

Basi nisikilize sasa.

Unajua nilikuja huku kupumzika baada ya miaka yangu ya ualimu. Sikupumzika. Neema alimwambia mama mmoja pale zahanati kwamba baba yake alifundisha jiografia muhula mzima na kupandisha wageni mlimani likizo nzima. Wiki haikupita, mama huyo akaja nyumbani, akanisalimu shikamoo, akakaa, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Anaitwa Mama Kulwa. Yeye na wenzake wana duara, yaani shimo lao la kuchimbia dhahabu, nje kidogo ya mji. Kazi yake si kushuka. Kazi yake ni kusimamia kamba. Alitaka niwafundishe vijana wake mafundo ya mlimani na namna ya kupanda bila kujichosha.

Nilikubali kwa kiburi kidogo, sikufichi. Nilijiona natoka kwenye mlima mrefu kuliko yote, naenda kufundisha watu wa mashimo.

Siku ya kwanza niliwapeleka kwenye jabali lililo nyuma ya mashamba ya pamba, la mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana kama magunia. Yupo mmoja anaitwa Masanja, mpana wa mabega, mdomo haupumziki. Akaniuliza, "Mwalimu, juu ya huo mlima wenu kuna dhahabu?"

"Hakuna."

"Almasi, kama kule Maganzo?"

"Hakuna. Barafu tu."

"Na wazungu wanapanda?"

"Wanapanda, na wanalipa wao."

Masanja aliwageukia wenzake akasema, "Jamani, tumezaliwa upande mbaya wa nchi." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Lakini alipopanda niliitazama miguu yake. Nimewafundisha wangapi, wewe na mimi, kwamba mtu hupanda kwa miguu, na mikono ni ya kujishikiza tu? Wageni wetu huhitaji siku tatu kuelewa hilo, na wengine hawaelewi mpaka mikono iwaishie. Masanja alilijua tayari. Sababu yake ndiyo iliyonifurahisha. Sisi hupanda tukiwa na nguvu na kushuka tukiwa tumechoka. Wao hushuka asubuhi wakiwa wapya, na kupanda jioni wakiwa wamekwisha kabisa. Mchimbaji anayepanda kwa mikono hauonji ugali wa jioni. Kwa hiyo kila hatua anaitafutia pa kusimama kwanza, anahamisha uzito taratibu, anapumua, kisha ndiyo anaitafuta nyingine. Mguu mmoja na mikono miwili, au miguu miwili na mkono mmoja, daima vitatu viko kwenye mwamba. Nikamwambia angekuwa kiongozi mzuri kwetu. Akasema, "Mpaka mgundue kitu huko juu, Mwalimu."

Siku ya pili nikaenda kwenye duara lenyewe, na nikaibeba nusu yangu ya kamba ya buluu. Unakumbuka tulivyoigawa: yule mgeni mrefu alipotuachia baada ya ile safari uliyoteleza, ukaikata kwa panga kwenye kizingiti, ukasema, "Nusu ya mkubwa, nusu ya mdogo." Nusu zote mbili zilining'inia miaka yote kwenye msumari mmoja stoo kwako, mpaka nilipohama na yangu. Nilitaka wachimbaji wamwone Masanja akishuka kwa kamba halisi ya mlima, si ile yao ya katani waliyoiunga hapa na pale. Niliizungusha begani nikatembea katikati ya mabanda kama bwana harusi.

Mama Kulwa aliniambia, "Mwalimu, hapa kamba haishuki kabla sijaisoma."

Hiyo ndiyo desturi yao. Kila asubuhi, kabla mtu hajatia mguu shimoni, Mama Kulwa anaipitisha kamba nzima vidoleni mwake, shibiri kwa shibiri, macho ameyafumba. Hakuna anayemsemesha. Hata Masanja hunyamaza, na hilo peke yake lingetosha kunishangaza. Nilimwuliza kwa nini anafumba macho. Akasema, "Macho yanapenda kitu kizuri, Mwalimu. Vidole havina mapenzi."

Akaanza kuisoma yangu. Mimi nimesimama pembeni natabasamu. Alipofika karibu na katikati akarudi nyuma, akaja mbele, akarudi tena. Akafumbua macho.

"Mwalimu, kamba yako ina njaa."

"Ina nini?"

"Lete mkono. Hapa. Unasikia tumbo limeingia ndani?"

Niligusa. Elia, nilisikia. Ganda la nje lilikuwa zima, buluu yake inang'aa, lakini ndani palikuwa laini na bapa kama mkanda wa suruali. Nikaikunja mahali pale. Kamba nzima ikikunjwa hufanya kitanzi cha mviringo, haikubali kulala. Ile ilijilaza yenyewe kama karatasi. Mambo hayo nimeyafundisha mimi. Nimewafundisha vijana wangapi kukagua kamba, na yangu sikuikagua, kwa sababu nilikuwa naipenda.

Lakini kiburi ni kigumu kufa. Nikasema, "Hii ilimshika mdogo wangu akining'inia juu ya korongo. Itashika."

Mama Kulwa hakubishana. Alisema, "Wabeja, Mwalimu," ndiyo asante ya Kisukuma, "tuiulize yenyewe." Wakafunika mdomo wa duara kwa mbao nene. Wakajaza mawe kwenye gunia mpaka likalingana na Masanja kwa uzito, naye mwenyewe akalinyanyua kuhakikisha, akisema limemzidi kitambi tu. Wakalitundika kwa kamba yangu kwenye miti ya winchi iliyosimama juu ya shimo. Likaning'inia, likatulia. Kamba haikulalamika. Nikamtazama Mama Kulwa kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyekosea jibu.

Akasema, "Sasa liangusheni."

Walilinyanyua kimo cha mkono mmoja tu wakaliachia. Kamba ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayekata muwa, na gunia likawa chini juu ya mbao. Ilikatikia pale pale kwenye njaa.

Masanja alilizunguka gunia, akalisukuma kwa mguu, kisha akaja mbele yangu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwalimu, huyo nilikuwa mimi."

Naomba uache kusoma kidogo hapa, ulifikirie hilo gunia.

Sasa nieleze, maana ndiyo kazi yangu. Mzigo uliotulia na mzigo unaoanguka si mzigo mmoja. Ukiivuta kamba stoo kwa mikono yako miwili, au ukiitundikia debe la mahindi, itakudanganya. Kamba ya mwamba kazi yake ni kupokea mtu anayeanguka, na huifanya kwa kuvutika kidogo, kama mama anayempokea mtoto kwa kurudi nyuma. Kila inapompokea mtu kwa uzito huo, inapoteza kitu ambacho hakirudi. Siku ile uliyoteleza kwenye ukungu wa mwamba, ukaanguka, ikakushika huku ikijisugua kwenye ukingo wa jiwe, wewe na mimi tulilia tukasema kamba hii ni baraka. Ilikuwa baraka, Elia. Lakini siku ile ilipokuokoa ndipo ilipoanza kufa. Tungeizika kwa heshima jioni ile ile.

Kovu la siku ile liko nusu ipi, yangu au yako? Sijui. Nawe hujui. Na kuna jambo la pili: msumari wenyewe uko juu ya betri ya sola, na mvuke wa tindikali ya betri hula kamba kimya kimya bila kugusa rangi yake. Hata kamba isiyowahi kutumika ingezeeka pale.

Najua hoja yako, umeisema miaka yote: kamba mpya ni ngumu kama fimbo, ya zamani hutii mkono. Ni kweli inatii. Mimi pia niliupenda ule ulaini. Lakini ulaini ule si adabu ya uzee, ni ugonjwa.

Wachimbaji walinifundisha na namna ya kuiaga. Mama Kulwa hakuniacha niirudishe nyumbani kuwa kumbukumbu. Saa ile ile, mbele ya watu wote, aliikata vipande vya urefu wa mkono, kila mtu akachukua kimoja cha kufungia mbuzi. Nilipouliza kwa nini haraka hivyo, alisema kamba iliyokataliwa ikiachwa nzima, siku moja atakuja mtu mwenye haraka. Kamba iliyokatwa haimshawishi mtu. Niliona aibu, kisha nikaona fahari, kwamba katika umri huu nimepata mwalimu mpya. Tangu siku ile nafumba macho.

Ndani ya furushi hili nimekuwekea ncha iliyokatika. Ifungue, utazame nyuzi za ndani zilivyokauka, kisha uipitishe vidoleni.

Usidhani nampunguzia Anna zawadi. Nimewasimulia watu wote wa duara kwamba binti wa mdogo wangu anaongoza mwambani, wa kwanza katika nyumba yetu kufanya hivyo akiwa mwanamke, na Masanja ameanza kudai kuwa mkwe wetu. Kamba mpya iko tayari kwa yule fundi wa viatu vya mlima pale Moshi mjini. Nimekwisha zungumza naye, Anna akaichukue Alhamisi. Mwambie Baba Mkubwa anamwona kutoka huku, na kifua chake kimejaa. Mama Kulwa naye ana neno lake kwa Anna: kila asubuhi aisome kamba yake mwenyewe, asimwachie mwanamume yeyote amsomee, hata baba yake.

Nisalimie Mama Anna, shemeji yangu mvumilivu, na shangazi yetu wa pale kwenye migomba, umwambie bado nakumbuka kukaa wima kanisani. Msalimu na mjomba mwenye ng'ombe. Neema anakuamkia shikamoo, baba mdogo.

Kwa mapenzi ambayo hayajakatika,
kaka yako Zakaria

Elia, usiikunje barua hii bado. Nenda stoo, ishushe nusu yako kwenye msumari, iweke juu ya kile kizingiti, uikate leo kwa panga lile lile, vipande vya urefu wa mkono.